Habari za Chuo Kikuu cha Edinburgh

Katika nyumba nyingi za kandokando ya Mlima Meru, tangu Usa hata Momela na Ngare Nanyuki, liko shauri lirudialo kila mwaka. Mtoto amemaliza masomo, mwalimu asema ana akili, naye baba ahesabu ng'ombe na kahawa yake na kuuliza, "Je, aendelee? Na akiisha kwenda mbali, atatukumbuka?" Shauri hili si jepesi. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza habari za chuo kikuu kimoja cha kale cha Ulaya, maana mtu wa nchi yetu alisoma huko, naye alirudi.

Chuo hicho ni Edinburgh, katika nchi ya Uskoti. Mwaka 1582 Mfalme James wa Sita aliwapa wazee wa mji ule hati ya kujenga chuo, na mwaka 1583 masomo yakaanza. Mwalimu wa kwanza alikuwa Robert Rollock. Vyuo vikuu vilivyotangulia katika Uskoti vilianzishwa kwa hati za Papa, lakini hiki kilikuwa chuo cha mji. Wazee wa baraza la mji ndio waliokisimamia na kuwachagua walimu, hata mwaka 1858 sheria ilipowaondolea kazi hiyo.

Hapo kwanza mwalimu mmoja alilichukua kundi lake la wanafunzi na kulifundisha masomo yote miaka yote minne, tena kwa Kilatini. Mwaka 1708 desturi hiyo ikaachwa, na kila mwalimu akapewa somo lake moja alijualo sana. Hapo elimu ikazidi kina. Mwaka 1726 walianzisha idara ya utabibu, nayo ikapata sifa hata ng'ambo ya bahari. Wengi waliokataliwa na vyuo vya Uingereza, kwa kuwa hawakuwa wa kanisa la serikali ya huko, walipokelewa Edinburgh. Huko ndiko James Young Simpson, mwalimu wa ukunga, alikojaribu dawa ya klorofomu mwaka 1847 ili kuwapunguzia akina mama uchungu wa kuzaa.

Msidhani ya kuwa wanafunzi wote walikuwa wana wa matajiri. Wengi walitoka mashambani, na chakula chao kikubwa kilikuwa uji. Palikuwa na siku ya mapumziko iliyoitwa Jumatatu ya Unga, ambayo mwanafunzi aliweza kwenda kwao na kurudi na mfuko wa unga mabegani. Wazazi wetu waliokwisha kufunga unga na maharage ya mtoto aendaye bweni watawaelewa wazee wale wa Uskoti.

Lakini chuo hicho nacho kilikuwa na ugumu wa moyo. Mwaka 1869 wanawake saba, wakiongozwa na Sophia Jex-Blake, waliandikwa wasome utabibu. Mwaka 1870 walipokwenda kufanya mtihani, kundi la wanaume liliwazuia mlangoni na kuwatupia matope. Walisoma, walishinda mitihani, lakini walinyimwa shahada. Mlango haukufunguliwa kwa wanawake mpaka mwaka 1892. Mwaka 2019 chuo kiliwapa wale saba shahada za heshima, nao wote wamekwisha kufa zamani. Heshima hiyo ni njema, lakini ilikawia mno. Basi baba asemaye leo, "Binti asome nini tena?" na ajihadhari, asije akatoa heshima yake wakati haina faida tena.

Waafrika nao waliingia chuo kile mapema. Tabibu James Africanus Horton wa Sierra Leone alipata shahada yake huko mwaka 1859. Baadaye, mwaka 1949, alifika mwalimu kijana kutoka Tanganyika, Julius Nyerere wa Butiama, aliyekwisha kusoma Makerere na kufundisha Tabora. Shahada aliyoifuata haikumfunga kwa somo moja: alisoma Kiingereza, historia, uchumi, sheria za utawala, na falsafa ya mema na mabaya. Akaipata mwaka 1952, akarudi, akashika tena chaki, safari hii huko Pugu. Mwaka 1954 akawa kiongozi wa TANU. Mambo aliyoyatafakari juu ya usawa wa watu tuliyasikia baadaye katika Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Tena tukumbuke jambo la kwetu. Wakati Nyerere alipokuwa akisoma, mwaka 1951, Wameru wapatao elfu tatu waliondolewa Ngare Nanyuki kwa nguvu, nyumba zao zikateketezwa, ili nchi wapewe walowezi. Watu wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuyasema mambo hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka ule ule mmoja alipokea shahada Uskoti, na mwingine alipeleka kilio cha Wameru ng'ambo. Wote wawili walihitaji kujua kusoma, kuandika na kunena mbele ya wakubwa. Na wote wawili hawakuwasahau waliowaacha nyumbani.

Siku hizi si lazima kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache tu wa sheria, na hapa karibu, Makumira, palipokuwa na chuo cha wachungaji tangu mwaka 1954, sasa pana chuo kikuu.

Basi, enyi wazazi, mtoto akiwa na akili na bidii, mvulana au msichana, msimzuie kwa hofu ya kumpoteza. Mfundisheni kwanza nyumbani kazi ni nini, na jirani ni nani. Nanyi walimu, msiwape wanafunzi kiu ya cheo tu, bali waonyesheni haja za watu wao. Mji wa Edinburgh ulikihesabu chuo kuwa chuo chake. Nasi tumhesabu kila mtoto asomaye kuwa mtoto wetu, tumchangie, kisha tumdai matunda.