Muziki: Sintesaiza za Linux zinazofaa mashine ya zamani na mfuko mdogo

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Marekani Microsoft haitoi tena msaada wa kawaida kwa Windows 10. Ili kupanda kwenye Windows 11, kompyuta lazima iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu za mtumba zilizotoka kiwandani kabla ya mwaka 2017, ambazo hazikosekani katika studio ndogo za Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, zimebaki nje ya mlango. Zingali zinawaka na kufanya kazi, ila mfumo wao haulindwi tena kama zamani.

Kwa watengeneza biti, njia moja ni kuhamia Linux, mfumo wa bure unaokubali hata mashine yenye miaka kumi. Lakini swali linafuata papo hapo: sauti zitatoka wapi? FL Studio, programu ambayo vijana wengi wa biti wameanzia, haina toleo la Linux. Serum, sintesaiza iliyouzwa dola 189 katika toleo lake la kwanza, nayo haina. Wengi walizitumia zikiwa zimevunjwa kufuli, zikipita kutoka USB moja hadi nyingine, na virusi vyao ndani. Kuhama ni kuziacha sauti hizo na kutafuta zingine.

Kwa bahati, sintesaiza za kompyuta, yaani programu zinazotengeneza sauti ya besi, kengele, nyuzi au filimbi bila kinanda cha bei kubwa, ni kitu ambacho Linux imeshiba. Kazi ni kuchagua. Mtu mwenye RAM ya GB 4, intaneti ya kununua kwa megabaiti na umeme unaokatika hawezi kutazama bei peke yake. Anatazama pia ukubwa wa faili la kupakua, nguvu ambayo programu inakula kwenye prosesa, na kama inadai mtandao ili ifunguke.

Ya kwanza ya kujaribu ni Surge XT. Iliundwa na Claes Johanson, akaiuza miaka mingi chini ya jina la Vember Audio, na mwaka 2018 akafungua msimbo wake kwa watu wote. Toka hapo, kundi la watu wa kujitolea ndilo linaloiendeleza. Haina bei, haiombi akaunti, haina leseni ya kuthibitishwa mtandaoni. Faili linachukuliwa mahali penye intaneti nzuri, linabebwa kwa USB na kuwekwa kwenye mashine ya nyumbani. Ndani mna sauti zaidi ya 2,000 zilizo tayari, kutoka besi nzito mpaka mawingu ya nyuzi ambayo wapiga kinanda wa kanisa wanayapenda chini ya maombi.

Jambo ambalo wapenzi wa muziki wa kwetu wangepaswa kulitazama kwanza limejificha katika menyu ya Surge: upangaji wa sauti. Piano inagawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Likembe haina sheria hiyo. Mwenye chombo anasukuma ulimi wa chuma mbele au nyuma, sehemu inayotetemeka inarefuka au kufupika, na sauti inashuka au kupanda mpaka sikio lake liridhike. Ndiyo maana likembe ikirekodiwa juu ya kinanda cha kawaida, mara nyingi kimoja kinaonekana kimeharibika. Kwa kweli hakuna kilichoharibika. Hesabu zao ndizo hazifanani.

Wanamuziki wanapima tofauti hizo kwa senti: oktava moja ni senti 1,200, na kila hatua ya piano ni senti 100. Ikiwa ulimi mmoja wa likembe unatoa sauti ya hezi 200 na mwingine hezi 230, kati yao kuna senti 242 hivi. Piano haina noti hapo. Ina ya 200 na ya 300, basi. Surge XT inasoma faili za Scala, ambazo ni maandishi ya kawaida yenye orodha ya senti hizo, mstari kwa mstari. Mtu anapiga kila ulimi mbele ya maikrofoni, anasoma namba kwenye Lingot, programu ya bure ya Linux ya kupima sauti, anaandika faili lake, kisha analiburuta na kulidondosha juu ya dirisha la Surge. Kuanzia hapo kinanda kinaimba kwa hatua za likembe ile, na besi na nyuzi zinaifuata.

Sauti yenyewe inaweza kuanzia kwenye kisilatori kiitwacho String, kinachoiga waya uliokwanyuliwa, au kwenye FM2 kwa mlio wa chuma zaidi. Ukiongeza kikwaruzo kidogo, unasogea karibu na njia ya Konono Nº1 wa Kinshasa, waliokuza sauti ya likembe kwa maikrofoni zilizotengenezwa na sumaku za magari mabovu, na ambao albamu yao Congotronics ilitoka mwaka 2004. Wao hawakungoja chombo cha bei. Walitumia kilichokuwepo kwenye takataka za mekanika.

Programu ya pili ni ndogo zaidi. Dexed inaiga Yamaha DX7, kinanda cha Japani kilichotoka mwaka 1983 kwa bei ya karibu dola 2,000 na kujaza muziki wa miaka ya 80 duniani kote kwa piano yake ya umeme na kengele zake. Dexed ni ya bure, ni nyepesi hata kwa prosesa iliyochoka, na inasoma faili za sauti za DX7 yenyewe. Anayetafuta harufu ya kinanda cha zamani anaipata hapa.

Dexed inajibu pia swali la leo. Ngoma ya besi ya amapiano ya Afrika Kusini, ile log drum ambayo kila kijana anataka kuiweka katika wimbo wake, ilipata umaarufu kupitia FruityDX10, sintesaiza ndogo iliyo ndani ya FL Studio. Aliyeiacha FL Studio anadhani ameiacha na log drum. Sivyo. FruityDX10 inafanya kazi kwa FM, mbinu ileile ya DX7: wimbi moja laini linatikisa wimbi lingine. Katika Dexed au Surge mtu anachukua mawimbi mawili, anafanya sauti ianze juu na kuporomoka haraka, anafupisha mkia wake, anatia kikwaruzo kidogo. Jioni moja ya kujaribu inatosha, na sauti inayotoka haifanani kabisa na ya jirani. Hiyo peke yake ni faida, maana biti nyingi siku hizi zinafanana kama sare za shule.

Kuna ZynAddSubFX, iliyoanzishwa na Mromania Nasca Octavian Paul mwaka 2002, na ndugu yake Yoshimi, iliyotengana nayo mwaka 2009. Zote mbili zinapatikana katika hifadhi za programu za Debian na Ubuntu. Sura zao hazivutii, tusifichane. Lakini sehemu yao ya PADsynth inapika wimbi zima kabla ya kulipiga: mashine inasubiri kidogo mwanzoni, halafu inapiga bila kuhema. Kwa nyuzi na kwaya kwenye laptopu dhaifu, ni vigumu kupata nyingine iliyo nyepesi hivyo na nzuri hivyo.

Vital ndiyo inayopendwa kwa macho. Mmarekani Matt Tytel aliitoa mwaka 2020, na ndiyo iliyo karibu zaidi na Serum. Toleo la msingi ni bure na lina sauti 75 tayari. Lile la dola 25 na lile la dola 80 yanaongeza sauti, si nguvu ya injini. Mtu asidhani basi kwamba bila kulipa amepewa nusu. Tatizo la Vital ni kwamba michoro yake inayocheza inategemea kadi ya picha, na kwenye mashine ya zamani inaweza kuganda katikati ya kazi. Isitoshe inataka akaunti ili kuipakua. Kuna Vitalium, iliyojengwa kutoka msimbo uleule, isiyodai akaunti.

Wengi wanakwama mahali ambapo maelezo ya mtandaoni hayapataji kwa sauti. Sintesaiza inahitaji programu ya kurekodi inayoipokea, na zote hazipokei aina zote. LMMS, ambayo sura yake inawakumbusha watu FL Studio na ambayo ni bure, ndiyo inayopakuliwa kwanza. Lakini LMMS 1.2 haifungui programu za VST3, LV2 wala CLAP, na VST3 na CLAP ndizo sura ambazo Surge XT inakuja nazo. Kijana anaweka Surge, anaitafuta ndani ya LMMS, haioni, anasema Linux ni mbovu, anarudi Windows. Kumbe LMMS hiyo ina ZynAddSubFX ndani yake tayari, haihitaji kupakua kitu. Anayetaka Surge na Dexed achukue Ardour, ambayo inapatikana bure katika hifadhi za Linux, au Reaper.

Reaper ndiyo mahali ambapo pesa, kama ipo, ingefaa kwenda kwanza. Leseni yake ni dola 60 kwa mtu ambaye kazi yake haiingizi zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, na inaruhusu kujaribu kwa siku 60 ikiwa kamili. Faili lake ni dogo. Kununua sintesaiza ya dola 80 huku mtu anarekodi sauti za waimbaji kwa programu iliyoibwa ni kupaka rangi nyumba isiyo na paa. Baada ya Reaper, afadhali kipokea sauti kizuri cha masikioni kuliko sintesaiza ya tano.

Nunuzi moja tu ya sauti inajitetea: Pianoteq, ya kampuni Modartt ya Toulouse, Ufaransa. Inagharimu zaidi ya euro 100 hata katika toleo dogo, lakini piano zingine za kompyuta zinapakuliwa kwa gigabaiti nyingi, na hii ni megabaiti kadhaa tu, kwa sababu inakokotoa mtetemo wa waya badala ya kubeba rekodi zake. Studio inayoishi kwa nyimbo za injili inaweza kurudisha pesa hiyo. Shida ni malipo. Duka la mtandaoni linataka kadi ya benki, na mjini Goma benki zilifunga milango Januari 2025. Wanaofaulu ni wale wenye ndugu Kampala, Kigali au Ulaya anayekubali kulipa kwa kadi yake na kurudishiwa kwa simu. Katika hali hiyo, bure si suala la ubahili.

Mashine ikianza kukatakata sauti, kosa mara nyingi si la sintesaiza. Linux inatuma sauti kwa vipande, na ukubwa wa kipande unachaguliwa. Kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, kipande cha 256 kinachelewesha sauti milisekunde 5 hivi, na cha 1,024 milisekunde 21. Wakati wa kupiga kinanda, mtu anataka kidogo. Wakati wa kupanga na kuchanganya, aweke kikubwa, prosesa ipumue. Wimbo wa Surge uliokamilika unaweza pia kugandishwa kuwa rekodi ya kawaida katika Reaper, na mzigo wake unatoka kabisa. Betri ya laptopu nayo inadumu zaidi siku ambayo umeme haurudi.

Kabla ya kufuta Windows, Ubuntu Studio na AV Linux zinaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka USB na kujaribiwa bila kugusa diski ya mashine. Hapo mtu anaona kama kadi yake ya sauti inatambuliwa.

Kuna sauti moja ambayo hakuna kati ya programu hizi inayoitoa vizuri, na ndiyo inayoombwa sana: gitaa la seben. Vidole vya mpiga solo haviigwi kwa kinanda, na waliojaribu wanasikika kuwa wamejaribu. Kwa hilo Linux ina Guitarix, amplifaya ya bure ya ndani ya kompyuta. Gitaa halisi linachomekwa kwenye kadi ya sauti, mpigaji anakaa, na likembe ya Surge inashushwa kidogo ili kumwachia nafasi.