Mbegu Zinasaidia Kuku, Lakini Hazichanji

Hapa kwetu ku makambi ya migodi, jamaa nyingi zinafuga kuku nyuma ya nyumba. Mushahara ukichelewa, kuku njo analeta sabuni, chumvi na pesa ya masomo.

Mama mumoja wa kanisa letu alikuwa na kuku 23. Alisikia ku soko kama kuna mbegu zinazozuia magonjwa yote. Akasaga, akachanganya na chakula, akaacha kuchanja. Kiangazi kilipofika, kuku walipinda shingo na kuharisha majimaji ya kijani. Katika siku 4 walibaki 2. Akaniuliza: «Pasta, mbegu zimenidanganya?»

Hapana, mama. Mbegu zilipewa kazi isiyo yao.

Tusikilize vizuri. Habasoda, ile mbegu ndogo nyeusi, imejaribiwa sana katika inchi kama Misri na Pakistani, mara nyingi gramu 10 hivi kwa kilo 1 ya chakula. Pengine kuku walikua upesi na miili yao ikapokea chanjo vizuri zaidi. Pengine haikuonekana tofauti. Mbegu za paipai na za boga, watu wanazikausha na kuzisaga kwa ajili ya minyoo. Ni vizuri, maana kuku mwenye minyoo anakula bure.

Lakini si kila mbegu ni rafiki. Soya mbichi inazuia kuku kukua, uikaange kwanza. Mbono ni sumu kali, usiwape hata kidogo. Na mahindi yenye ukungu yanapunguza nguvu ya kuku kupigana na magonjwa.

Ugonjwa ulioua kuku wa yule mama ni Newcastle, wengine wanauita kideri. Unaletwa na virusi, na hauna dawa. Kinga yake ni chanjo: tone 1 ndani ya jicho la kuku muzima, na kurudilia kila miezi 3 ao 4. Chupa 1 inatosha kuku wengi. Basi majirani muchange pesa pamoja, mumuulize muganga wa nyama namna ya kuitunza katika baridi.

Ninyi vijana, hii ni kazi yenu. Mupite nyumba kwa nyumba, muhesabu kuku, muandike siku ya chanjo.

Yule mama ameanza tena na kuku 5. Mbegu angali anawapa. Lakini ku mulango wa nyumba ya kuku, mwana wake ameandika kwa makaa tarehe ya chanjo inayokuja. Na kwako, tarehe hiyo imeandikwa wapi?