Mahali pa Kuchezea katika Mitaa ya Mabanda

Haki ya mtoto kucheza imetajwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, lakini katika mitaa ya mabanda, ambako familia nzima huishi chumba kimoja na mlango hufungukia uchochoroni, mtoto huchezea palipobaki, yaani kando ya mtaro wa maji taka, jaani au kwenye njia ya bodaboda.

Huko Kibera, jijini Nairobi, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likishirikiana na wakazi tangu mwaka 2006 kugeuza maeneo ya aina hiyo, yakiwemo ya kando ya mto, kuwa viwanja vya umma. Katika mazingira hayo usalama huanzia kwenye maji: pasipo mifereji ya kuondoa maji ya mvua na kingo imara za kuzuia mto, bembea husimikwa bure, kwa kuwa masika yakija huzisomba pamoja na udongo wake.

Baada ya maji hufuata ardhi atakayoangukia mtoto. Majeraha mengi ya uwanjani hutokana na kuanguka, na kinachoamua kama mtoto atainuka akijipangusa au atabebwa amevunjika mkono si urefu wa bembea pekee, bali pia ugumu wa kilicho chini yake. Saruji haifai kabisa hapo. Mchanga uliolegea wenye kina cha sentimita 30 hivi hupunguza kishindo, ilimradi utifuliwe kwa reki mara kwa mara, kwani ukishindiliwa na nyayo huwa mgumu kama sakafu. Tairi kuukuu nalo, kifaa rahisi kuliko vyote, hutobolewa upande wa chini ili maji yasituame na kuzalisha mbu. Nafasi kati ya vyuma au mbao zikifikia sentimita 9 hadi 23 ni za hatari isiyoonekana upesi, maana kiwiliwili cha mtoto mdogo huweza kupenya na kichwa kikanasa.

Ukuta mrefu haumlindi mtoto kama yanavyomlinda macho ya watu. Ndiyo maana uwanja bora hukaa karibu na genge la mboga au bomba la maji, mahali ambapo kina mama wapo kutwa. Halmashauri zinazopanga upya mitaa hii zitenge eneo hilo kabla ya kugawa viwanja vya nyumba, na fedha za mchanga na reki ziandikwe katika bajeti ya kila mwaka.