Disemba Hii Twende Nchi Gani? Anza na Mfuko, Si Picha

Kila mwaka ikifika Agosti, maswali mnayotuuliza hubadilika. Mnaanza kutuuliza, "Nikiwa Zanzibar, laini yangu itafanya kazi?" ama "Naweza kulipa hoteli ya Kigali nikiwa hapa Thika?" Hapo tunajua vyama vimehesabu akiba na watu wanatafuta mahali pa kwenda Disemba.

Kuna chama kimoja cha Nakuru kilichotufunza mengi kuhusu jambo hili. Ni kina mama kumi na wawili, kila mmoja akiweka shilingi 500 kwa wiki. Mwaka ulipoisha walikuwa na 312,000, yaani 26,000 kwa kila mtu. Basi mabishano yakaanza kwenye kikundi cha WhatsApp. Nusu walitaka Cape Town, nusu Zanzibar, na picha za fuo zikitumwa mpaka usiku wa manane.

Mmoja wao, mama mboga, alinyamaza wiki mbili nzima. Mweka hazina alipompigia, akasema anataka kujitoa na arudishiwe pesa zake alipe karo. Kumbe shida haikuwa karo. Hakuwa na paspoti, na aliona haya kusema hivyo mbele ya wenzake.

Afrika ina nchi 54, na kila moja ina picha nzuri. Lakini picha haikuambii kama utafika, ama kama pesa yako itafika nawe. Kabla ya kubishana kuhusu ufuo, jiulizeni maswali haya matatu.

1. Ni karatasi gani ziko mkononi?

Tangu 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Hiyo pekee inaweza kuamua safari ya kikundi. Watoto hawana kitambulisho, kwa hivyo kama mnaenda nao, ulizeni idara ya uhamiaji mapema wanahitaji hati gani.

Tanzania na Ethiopia hazimdai Mkenya viza ya utalii, lakini kitambulisho pekee hakitoshi. Afrika Kusini nayo iliondoa viza kwa Wakenya kuanzia Januari 2023, na unaweza kukaa huko hadi siku 90 kwa mwaka.

Kuna karatasi nyingine ambayo wengi husahau, nayo ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Afrika Kusini hukidai kwa anayetoka Kenya. Cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano, kwa hivyo ukichanjwa juzi na ndege ni kesho, umechelewa. Habari njema ni kwamba sindano moja inakutosha maisha yako yote.

2. Huko kutakuwa na hali gani?

Disemba ya Cape Town ni kiangazi, jua kali na mvua kidogo. Lakini shule zao pia zimefungwa wakati huo, na bei za vyumba hupanda. Zanzibar, mvua kubwa ni za Machi hadi Mei. Bei hushuka miezi hiyo, ila unaweza kulipia ufuo halafu ushinde chumbani.

Wanaoota Maporomoko ya Victoria wajue kwamba maji hujaa karibu Aprili. Ukienda Oktoba ama Novemba, upande wa Zambia unaweza kukuta sehemu kubwa ni mwamba mkavu. Ukiwa Rwanda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, usipange safari ya asubuhi. Ni siku ya umuganda, watu wako kwenye kazi za jamii na shughuli nyingi husimama.

Na kama wewe ni mfanyabiashara, Disemba ndio wakati wako wa kuuza, si wa kusafiri. Ethiopia husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari. Unaweza kufunga duka ukishauza, halafu ukale Krismasi ya pili Addis Ababa.

3. Pesa yako itavuka mpaka vipi?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hapa tutakaa kidogo.

*Wakala wa ng'ambo si wakala wako.* Pesa iliyo kwenye laini ya Kenya huwezi kuitoa kwa wakala wa Dar es Salaam vile unaitoa Gikomba. Njia iliyopo ni kutuma kwa nambari ya simu ya nchi ile, kwa huduma inayovuka mpaka, ili mwenye nambari apokee kwa pesa za kwao. Kwa hivyo panga mapema na mwenyeji ama hoteli unayoiamini.

*Chunga tarakimu ya tatu.* Nambari za Tanzania huanza na 255, za Uganda 256, za Rwanda 250. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaweza kwenda nchi nyingine kabisa, na kuirudisha kutoka huko si rahisi kama hapa nyumbani. Tuma kiasi kidogo kwanza, mwenyewe athibitishe, ndio utume iliyobaki.

*Soma skrini kabla ya PIN.* Angalia ada, kiwango cha kubadilisha, na kiasi kitakachofika upande ule. Watu wengi huangalia ada peke yake. Kiwango kibaya cha kubadilisha kinaweza kukula kuliko ada.

*Washa roaming kabla ya kuvuka.* Ukisubiri mpaka ufike Arusha ndio utafute jinsi ya kuiwasha, unaweza kukosa hata ujumbe wa kuthibitisha malipo. Data ya roaming izime, tumia Wi-Fi ya hoteli.

*Zoea sufuri.* Noti kubwa zaidi ya Tanzania ni ya 10,000, ya Uganda ni 50,000. Siku ya kwanza utajiona tajiri, ya pili utatoa noti ya 50,000 ukidhani ni ya 5,000. Andika kwenye simu shilingi 1,000 ya Kenya ni ngapi huko, uangalie kabla ya kulipa. Na pale mpakani, badilisha pesa kwenye duka lenye leseni, si kwa mtu anayekukimbilia dirishani mwa basi.

Kwa wanaoenda kusini: randi ya Afrika Kusini inapokelewa Lesotho, Eswatini na Namibia. Ila pesa za nchi hizo zimalize kabla ya kurudi Johannesburg, kwa sababu huko dukani hazitachukuliwa.

Kabla ya kutuma dipoziti

Msimu wa safari ni msimu wa matapeli pia. Dalili zao ni zilezile: bei ya chini ajabu, "nafasi mbili tu zimebaki", na ombi la kutuma kwa nambari ya mtu binafsi. Lipa kwa till ama paybill ya biashara, na ulinganishe jina linalotokea kwenye skrini na jina la kampuni. Majina yakitofautiana, simama hapo hapo. Pigia hoteli wewe mwenyewe, kwa nambari uliyoitafuta, si ile uliyotumiwa. Na hakuna hoteli, wakala wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako.

Wale kina mama wa Nakuru

Mweka hazina hakumtaja mtu. Aliandika tu kwenye kikundi: "Mwaka huu tuende mahali kila mmoja anaweza kufika." Wakachagua Jinja. Walipanda basi la usiku, wakavuka Malaba na vitambulisho vyao, na asubuhi wakawa wanakula rolex, ile chapati ya Uganda iliyokunjwa na mayai. Mchana walipanda mashua kuona mahali mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Yule mama mboga ndiye alikaa mbele.

Pesa zilibaki. Badala ya kugawana, walikubaliana zilipie paspoti za wale watatu ambao hawakuwa nazo. Ndiyo, walikuwa watatu. Wawili wengine nao walikuwa wamenyamaza.

Sasa mabishano ya Cape Town na Zanzibar yamerudi kwenye kikundi, na tunaambiwa anayetuma picha nyingi zaidi ni mama mboga.