Goita, mihogo na walinzi wa tezi ya shingo

Wandugu, wengine wananiuliza: mtu wa agronomi anatafuta nini kwenye mambo ya goita? Jibu ni fupi: goita inaanzia kwa udongo na kwa sahani ya bukari.

Tezi ya tiroidi, ile iko mbele ya shingo, inatengeneza homoni kwa kutumia iodi. Ili kufunga iodi hiyo, chembe zake zinatoa pioksidi ya hidrojeni, ile ile tunasafishia vidonda. Ni kitu kikali: ikibaki nyingi, inaharibu ADN. Ndiyo maana tezi ina walinzi wa kuivunja: enzimu katalazi, na glutationi peroksidazi ambayo haifanyi kazi bila madini ya seleni.

Iodi ikikosekana, ubongo unaisukuma tezi ifanye nguvu. Inavimba, chembe zinagawanyika haraka, pioksidi inaongezeka. Kama walinzi ni wachache, makosa kwenye ADN yanarundikana na vinundu vinaweza kuzaliwa. Vingi si kansa, lakini vingine ndiyo. Mihogo isiyoloweshwa vizuri inazidisha shida: mwilini sianidi yake inageuka tiosianati, inayozuia iodi kuingia kwenye tezi.

Basi tununue vidonge vya seleni? Pole pole! Huko Karawa, Ubangi, kaskazini mwa nchi yetu, watu walikosa iodi na seleni pamoja. Watafiti waliwapa wanafunzi 52, na watu 23 waliodumaa kwa kukosa iodi, mikrogramu 50 za seleni kila siku kwa miezi 2. Matokeo yalichapishwa 1991: homoni ya T4 ilishuka, na wale ambao tezi yao ilikuwa dhaifu tayari ndio walizidi kuumia. Kwa nini? Seleni iliamsha pia enzimu nyingine, ile inayotumia T4. Bila iodi, tezi haikuweza kuirudisha.

Kwa hiyo mpango ni huu: iodi kwanza, seleni baadaye. Nyumbani tutumie chumvi yenye iodi na tuifunike vizuri. Mihogo michungu tuiloweshe siku kadhaa mbele ya kuisaga. Mwenye kinundu shingoni aende kwa munganga apimwe. Vidonge vya "kusafisha mwili" vinavyouzwa barabarani havijui damu yako inakosa nini.