Kabla mtafiti hajapima masikio ya mwanao

Tuseme mtafiti amefika katika shule ya mwanao mjini Keroka, pale mpakani mwa Kisii na Nyamira, akiwa na mashine ya kupimia masikio na karatasi ya maneno ya kutamkwa. Baada ya siku mbili unaambiwa mtoto hasikii vyema na matamshi yake yana kasoro. Je, msomaji, utaamini?

Inategemea mtafiti huyo alifunzwaje. Anayesomea shahada ya uzamifu katika sayansi ya usemi na usikivu hafunzwi kutibu pekee, bali hasa kuuliza swali na kulitafutia ushahidi. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi husoma takwimu na mbinu za utafiti, hufanya kazi maabarani chini ya msimamizi, kisha hukamilisha utafiti mdogo kabla ya kuruhusiwa kuanza tasnifu. Ipo pia shahada ya udaktari ya kupima usikivu, lakini hiyo ni ya kliniki, na mwenye nayo si lazima awe mtafiti.

Huo utafiti mdogo wengine huuona usumbufu. La hasha! Ndipo makosa yanapogunduliwa mapema. Chukua sauti ya "l". Ekegusii haina sauti hiyo katika maneno yake ya asili. Kulala ni "korara", na hata neno la Kiingereza la shule lilipoingia likawa "esukuru". Mtoto wa Nyamira akisema "kurara" anapoongea Kiswahili, hiyo ni athari ya lugha ya mama, wala si ugonjwa. Mtafiti aliyebeba jaribio lililotungwa Uingereza atamwandikia kosa. Aidha, Ekegusii ina irabu saba ingawa huandikwa kwa herufi tano, na kupanda au kushuka kwa sauti huweza kubadili maana. Kwa hivyo maneno ya jaribio hayatafsiriwi tu kutoka kitabuni. Hukusanywa kwa wenyeji, yakarekodiwa, kisha wasikilizaji wawili huyapima kila mmoja peke yake. Wakitofautiana mara nyingi, takwimu hizo hazifai kitu.

Mashine nayo ina mambo yake. Hukaguliwa na kurekebishwa angalau mara moja kwa mwaka. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, anayesikia sauti iliyo chini ya desibeli 20 ndiye huhesabiwa kuwa sawa. Sasa fikiria darasa la bati wakati wa mvua, na mvua ya Kisii unaijua. Mtoto mzima kabisa atashindwa. Mtafiti aliyefunzwa hupima kwanza kelele ya chumba, huchagua wakati mtulivu, na huchungulia sikio asije akaita uziwi kile ambacho ni nta tu.

Halafu kuna idhini. Nchini Kenya utafiti huhitaji kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, na kupitiwa na kamati ya maadili. Lakini karatasi yenye mihuri haitoshi. Nyanya anayelea mjukuu aelezwe kwa Ekegusii kabla ya kutia dole, na mtoto mwenyewe aulizwe. Kwa mtoto kiziwi, awepo anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, iliyotajwa katika Katiba ya 2010. Bila hivyo, mtafiti ataandika kwamba mtoto hana lugha, kumbe ni yeye asiyeielewa.

Basi mtafiti akifika, muulize mashine ilikaguliwa lini, nani katika kundi lake anajua Ekegusii, na mtoto akipatikana na tatizo atapelekwa wapi. Utafiti si matibabu. Una haki ya kukataa, au kumwondoa mtoto kazi ikiwa katikati, na asinyimwe huduma ya hospitali kwa sababu hiyo.