Somo la Leo: Kusoma Kitabu cha Kunyanyua Vyuma

Kaeni vizuri, shikeni kalamu.

Vijana wengi hujitengenezea vyuma nyumbani. Huchukua bomba la chuma na makopo mawili ya rangi, wakayajaza zege. Mwingine hupata kitabu cha mafunzo, lakini hutazama picha tu. Picha haitoshi. Picha humwonyesha mtu aliyekwisha kuzoea; maneno na tarakimu ndiyo yanayosema mtu aanzeje. Asiyeyasoma aweza kuumia mgongo, na mwenye mgongo mbovu hawezi kulima wala kupakia magunia ya alizeti.

Kiko kitabu kinachojulikana sana, cha Mark Rippetoe wa Marekani, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini tarakimu zake ni hizi hizi uzijuazo. Anayeanza huchuchumaa na chuma mabegani mara 5, akapumzika, kisha akarudia mpaka yatimie mafungu 3. Kwa kifupi huandikwa 3 x 5. Jumla ni mara ngapi? Vema, mara 15. Hufanya hivyo siku 3 kwa wiki, si kila siku, maana mwili hupata nguvu wakati wa kupumzika. Huanza na uzito mdogo, na kila siku ya mazoezi huongeza kidogo.

Sasa tazama chuma chako cha zege. Lita 1 ya zege ina uzito wa kilo 2.4 hivi. Kopo la lita 4 ni 4 x 2.4, yaani kilo 9.6. Makopo mawili ni kilo 19.2, na bomba bado! Tena uzito huo hauongezeki wala haupungui. Basi anza na bomba tupu. Baadaye funga mfuko mdogo wa mchanga kila upande, uliopimwa kwenye mizani, sawa kwa sawa.

Mwisho, kila siku andika katika daftari: tarehe, kilo, mafungu, mara. Mgongo ukiuma, acha, nenda zahanati.

Zoezi: Bomba lina kilo 6. Umefunga mchanga kilo 2 kila upande. Jumla ni kilo ngapi? Andikeni jibu, mwonyesheni mwalimu wenu.